Shuka la Zamu

Kitanda ni kimoja, futi tatu unusu,
chumba cha mabati, Chaani, nyuma ya kinu cha posho.
Mwachofi hukilalia usiku, mimi mchana.
Yeye hupakua klinka bandarini, mama wa saruji;
mimi nalinda ghala Shimanzi.
Mwaka wa pili huu kodi tunagawana nusu kwa nusu,
na uso wake nimeuona mara sita:
anatoka, naingia, tunapokezana kufuli.

Lakini namjua.
Najua hupenda upande wa ukutani,
godoro limebonyea pale mfano wa karai.
Najua jana alikula papa, akalala bila kunawa.
Najua usiku mmoja wa Februari alilia, au alitoka jasho la kichwa,
maana foronya ilinionja chumvi shavuni.
Vumbi lake jembamba kama poda
nalitoa masikioni nikiwa lindoni, saa nane za usiku.
Yangu aliyoyajua yeye, sijauliza.

Nani afue? Hapo ndipo.
Aliyelala mwisho, nasema mimi.
Na mwisho uko wapi, kitanda kisipopoa?
Mtungi wa maji shilingi hamsini, mkokoteni ukija.
Nikaandika mlangoni kwa chaki: SHUKA.
Kesho yake nikakuta chini yake: NDIYO, SHUKA.

Usingizi ukaanza kunikwepa kama mdeni wangu.
Adhuhuri, mabati yanalia kwa jua,
najikuna kiuno, kwapa, katikati ya vidole,
napiga chafya kumi na moja mfululizo, nazihesabu.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walisema.
Hawa mimi nawajua:
katika chumba kile wao peke yao ndio hawana zamu.
Nikasinzia kazini, kidevu kifuani,
msimamizi akaniamsha kwa barua.

Zahanati, nesi Mbodze aliugeuza mkono wangu
kama mtu achaguaye bamia.
"Shuka ulilifua lini?"
Nikatazama dari. "Idd."
"Idd gani?"
Nikatazama sakafu.
"Dawa hii mpakae wewe na mwenzio, siku moja.
Lakini ugonjwa wenyewe hukuja nao hapa, bwanangu.
Umeuacha nyumbani, umetandikwa."

Ijumaa sikulala.
Mitungi minne, nusu mche wa sabuni.
Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya mkandaa,
ya pili rangi ya bandari,
ya tatu nikatia mkono nikaona kucha zangu.
Godoro nikaliburuta juani, nikalipiga kwa rungu la kazi;
likatema vumbi la miaka miwili,
langu na lake, sikuweza kulitenga.
Mama Nyevu wa chumba cha pili akafunga dirisha, kisha akalifungua:
"Kumbe lina maua!"

Maua. Kwenye kamba, upepo ukilijaza,
madogo, ya manjano, kama ya mbaazi.
Muda wote ule nimelala shambani sijui.

Nikatandika, nikavuta kona nne mpaka zikakaza.
Nusu ya dawa nikaiweka juu ya mto.
Nikaenda kulinda ghala nikiwa macho mekundu, na sikujikuna sana.

Alfajiri narudi, mlango umerudishwa tu.
Mwachofi kalala chini, mkekani, magoti kifuani,
kichwa juu ya kiatu.
Kitanda hakijaguswa. Hata kunyanzi.
Nikamtikisa bega. Akafumbua jicho moja.
"Bomba lilikuwa kavu," akasema. "Sikuoga.
Nikaliona lile, nikashindwa."

Nami nilikuwa na vumbi la ghala mpaka kwenye kope.
Nikavua buti, nikaketi mkekani ubavuni mwake,
tukalitazama shuka
kama watu waliofika mapema penye arusi ya wenyewe.
Kulikucha. Saa yake ya kazi ikapita, hakuondoka.
Ana kovu juu ya nyusi, na jino moja la mbele limemeguka.
Ilikuwa mara ya saba.